Kusoma Sayansi ya Kilimo na Maendeleo ya Vijiji Chuo Kikuu: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Kanda ya Kati

Mwongozo huu ni wa kijana wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani aliyemaliza au anayekaribia kumaliza kidato cha sita au stashahada, na ambaye anafikiria kusoma kilimo, mifugo au maendeleo ya vijiji chuo kikuu. Miongozo mingi ya namna hii huanzia kwenye fomu za maombi. Huu utaanzia shambani, kwa sababu sehemu kubwa ya elimu ya juu ya kilimo nchini hutolewa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mahali penye vuli na masika, ilhali mwanafunzi anayetoka Bahi au Chemba ametoka kwenye nchi yenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza Desemba na kwisha Aprili, na huenda akarudi kufanya kazi huko huko. Mhadhiri atamfundisha kanuni, lakini kazi ya kuzihamishia kanuni hizo kwenye ukame itakuwa ya mwanafunzi mwenyewe, na asipoianza mapema atahitimu akiwa mtaalamu wa nchi asiyoishi.

Hatua ya kwanza: Ijue nchi yako kwa namba kabla ya kuchagua kozi

Maeneo mengi ya Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600 za mvua kwa mwaka. Namba hiyo husemwa mara nyingi bila kueleweka, kwa hiyo ifanyie hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hektari moja ina mita za mraba 10,000, kwa hiyo milimita moja ni lita 10,000 kwa hektari, na milimita 550 ni lita milioni 5.5. Anayeiona hesabu hii kwa mara ya kwanza hujiuliza inakuwaje shamba lililopokea maji mengi kiasi hicho likose mavuno.

Jibu liko katika namna mvua inavyokuja na namna udongo unavyoipokea. Mvua kubwa inaweza kushuka alasiri moja juu ya ardhi iliyojifunga tabaka gumu juu, maji yakakosa pa kuingilia na kuishia korongoni, yakiwa yamechukua udongo wa juu pamoja na samadi. Kisha zinaweza kupita wiki tatu kavu mwezi Februari, mahindi yakiwa katika kuchanua, na hapo hata kama jumla ya mwaka itatimia, gunzi halitajaa. Mtama na uwele huvumilia kipindi hicho kuliko mahindi, na ndiyo maana wazee wetu waliing'ang'ania mimea hiyo miwili hata pale walipoambiwa kwamba ni chakula cha kizamani.

Zoezi la kufanya sasa, kabla ya kwenda chuo, ni kupima mvua nyumbani kwenu kwa msimu mmoja. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilopanuka juu wala chini, liweke mahali pa wazi mbali na miti na mapaa, na kila siku saa tatu asubuhi pima kwa rula kina cha maji yaliyomo, andika, kisha mwaga. Daftari hilo la miezi mitano litakufundisha kuhusu vipindi vya ukavu katikati ya msimu jambo ambalo wastani wa mwaka hauwezi kukuonyesha.

Kongwa ni somo la pili, na liko jirani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga nchini Tanganyika, ukianzia Kongwa, kwa mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3 ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Yaliletwa matrekta, wahandisi na wanajeshi wastaafu. Vichaka vya miti migumu vilivunja mashine, mvua haikufuata ratiba ya ofisini, na udongo wenye mfinyanzi ulipokauka ulikaza kiasi kwamba karanga zilizokuwa chini hazikung'oleka. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea. Mwanafunzi wa kilimo wa kanda hii aujue mradi huo vizuri, kwa kuwa waliokosea walikuwa wasomi wenye fedha na vifaa, na walikosea katika mambo mawili ambayo mtu angeweza kuyapima kwa kopo la mvua na kiganja cha udongo.

Kondoa nako kuna la kujifunza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulianza mwaka 1973 ili kuzuia mmomonyoko katika milima ya Irangi, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Uoto ulirudi, lakini wenye mifugo ndio waliobeba gharama yake, na hadi leo hilo ni swali zuri la darasa la maendeleo ya vijiji: nani alipe gharama ya kuponya ardhi?

Baada ya hapo tembelea mahali panapofanywa kazi yenyewe. Kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kilichopo Makutupora hushughulikia zabibu, na TARI Hombolo hushughulikia mtama na uwele. Mpwapwa kuna kituo cha TALIRI cha utafiti wa mifugo, ambako aina ya ng'ombe iitwayo Mpwapwa ilizalishwa, na pia kuna kampasi ya LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, inayofundisha ngazi za astashahada na stashahada. Kibaigwa kuna soko kubwa la nafaka ambamo utaona kwa macho bei inavyopangwa. Maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni ni nafasi ya kuwaona wataalamu wengi kwa siku moja, na ushauri wangu ni kwamba uende siku za mwanzo, kwa kuwa tarehe 8 Agosti yenyewe umati ni mkubwa na hakuna mtaalamu atakayepata dakika kumi za kukueleza jambo.

Hatua ya pili: Pima sifa zako kwa uaminifu

Hapa hakuna maneno mengi. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016, kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ni ufaulu mkuu katika masomo mawili yenye jumla isiyopungua pointi 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Masomo hayo mawili lazima yawe yale yanayotajwa na kozi unayoiomba. Mwenye D ya Kemia na D ya Baiolojia amefikisha kiwango cha chini, lakini kufikisha kiwango hakumaanishi kuchaguliwa, kwa kuwa kozi yenye waombaji wengi huchukua wenye pointi za juu kwanza. Mwenye stashahada huhitaji wastani usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne.

Tahasusi za CBA, PCB, CBG na CBN hufungua milango mingi ya mimea, mifugo, lishe na misitu. PCM na PGM huelekea zaidi uhandisi wa kilimo na umwagiliaji. EGM na HGE huwafaa wanaotaka uchumi wa kilimo au maendeleo ya vijiji, ingawa kila chuo kina masharti yake kuhusu Hisabati, na masharti hayo hubadilika. Kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho TCU hutoa kila mwaka ndicho cha kukiamini, na kila mwombaji asome toleo la mwaka wake mwenyewe. Nimewaona vijana wakifuata toleo walilorithi kwa kaka zao na kukataliwa kwa kosa ambalo lingeepukika.

Njia ya stashahada isidharauliwe. Aliyepitia chuo cha kilimo cha MATI au cha mifugo cha LITA na kisha kwenda shahada huingia darasani akiwa ameshapandikiza, ameshachanja na ameshalala kijijini, na mara nyingi ndiye wenzake wanayemtafuta wakati wa mafunzo kwa vitendo.

Hatua ya tatu: Chagua kozi kwa kuanzia kwenye tatizo

Wazazi wengi huuliza kozi ipi ina ajira. Swali hilo ni halali, lakini majibu yake hubadilika kila serikali inapotangaza nafasi au kusitisha, na mwanafunzi anayechagua leo atahitimu baada ya miaka mitatu au zaidi. Ni salama zaidi kuanza na tatizo unaloweza kulifanyia kazi kwa miaka ishirini bila kulichoka, kisha ukatafuta kozi inayolishughulikia.

Ukiwa umevutwa na swali la kwa nini shamba la jirani lina mtama na lenu halina, swali hilo ni la agronomia, yaani sayansi ya mimea na udongo. Ukiumizwa na ndama wanaokufa kiangazi kwa kukosa malisho, angalia sayansi ya wanyama au usimamizi wa nyanda za malisho. Kozi ya pili kati ya hizo huombwa na wachache, na naiona kuwa miongoni mwa zinazoifaa zaidi nchi ya wafugaji kama hii. Udaktari wa mifugo ni kozi ya miaka 5, ya gharama na uzito wake, na mhitimu wake husajiliwa na Baraza la Veterinari kabla ya kufanya kazi. Uhandisi wa kilimo na uhandisi wa umwagiliaji huchukua miaka 4, na kwa mtu anayetaka kujenga mabwawa na kuvuna maji ya mvua hakuna njia ya mkato nje ya hizo. Kozi nyingi nyingine za kilimo huchukua miaka 3.

Kundi la pili ni la sayansi ya jamii ya vijijini: uchumi kilimo na biashara ya mazao, ugani, maendeleo ya vijiji, na mipango. Watu hulichukulia kundi hili kuwa la walioshindwa sayansi. Huo ni upotovu. Mtu anayeweza kueleza kwa nini mkulima wa alizeti Singida anauza mbegu mara tu baada ya kuvuna, akijua kwamba bei itapanda baadaye, na akabuni njia ya kumsaidia asubiri, anafanya kazi ngumu kuliko ya kupendekeza aina ya mbolea.

Kuhusu vyuo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, ndicho kikongwe katika fani hii. Kilianza kama chuo cha kilimo mwaka 1965, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili chenye jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali mwezi Aprili mwaka huo huo katika mkoa huo huo wa Morogoro. Kina kampasi ya Solomon Mahlangu huko Mazimbu na nyingine ya Mizengo Pinda mkoani Katavi. Dodoma yenyewe ina Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kilichopo Miyuji, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, na faida yake kwa mtu wa mipango ni kwamba vijiji vya mfano viko mlangoni. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ni kipana zaidi, na anayetaka sayansi za msingi au mazingira anaweza kupata anachotafuta bila kuhama mkoa. Anayehofia umbali wa Morogoro akumbuke kwamba tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita hapo kati ya Dodoma na Dar es Salaam.

Hatua ya nne: Maombi na mkopo

Maombi ya kozi hutumwa moja kwa moja kwa chuo kupitia mfumo wake wa mtandaoni, si kwa TCU. Omba vyuo zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa, ndani ya muda uliowekwa, kwa hiyo laini ya simu uliyoiandika iwe yako na iwe hewani. Kijana anayekwenda kuchunga au kulima mahali pasipo na mtandao katika wiki hizo amwachie simu mtu wa nyumbani anayejua kusoma ujumbe na kuuchukulia hatua.

Mkopo huombwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, na wanaokwama wengi hukwamishwa na karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe vivyo hivyo. Kijijini watoto wengi wamezaliwa bila cheti, na jina la kwenye cheti kilichopatikana baadaye huwa halifanani na la kwenye matokeo ya Baraza la Mitihani. Anza kulinganisha majina ukiwa kidato cha tano: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba ya NIDA na akaunti ya benki visome jina moja kwa tahajia moja. Fomu huchapwa, husainiwa na mdhamini na viongozi wa mtaa au kijiji, na huthibitishwa na hakimu au wakili, kisha kurasa zilizosainiwa hupandishwa tena kwenye mfumo. Mtendaji wa kijiji anaweza kuwa safarini siku unayomhitaji, kwa hiyo usiache saini hizo hadi wiki ya mwisho.

Hatua ya tano: Mwaka wa kwanza

Mwaka wa kwanza huwavunja moyo wengi kwa kuwa haufanani na kilimo. Ni Kemia, Baiolojia, Hisabati, takwimu, uchumi wa msingi na kompyuta. Vumilia, hasa takwimu. Somo hilo ndilo litakaloamua kama utafiti wako wa mwaka wa mwisho utakuwa na maana, na ndilo ambalo wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau wiki inayofuata.

Jenga tabia ya kuwa na daftari la pili, tofauti na la mihadhara, lenye safu mbili katika kila ukurasa. Upande wa kushoto andika kanuni kama ilivyofundishwa, na upande wa kulia andika: hii ikija kwetu itakuwaje? Mhadhiri akifundisha nafasi ya upandaji, kwa mfano sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, kokotoa: 0.75 mara 0.30 ni 0.225, na mita za mraba 10,000 ukizigawa kwa 0.225 ni mashimo 44,444 kwa hektari. Ukiacha mimea miwili kila shimo, ni karibu mimea 89,000. Upande wa kulia jiulize kama udongo wa kichanga wa kijijini kwenu una maji ya kunywesha mimea yote hiyo katika Februari kavu. Hilo ni swali la mtihani wa shahada ya pili, na wewe utakuwa umeliuliza ukiwa mwaka wa kwanza.

Hatua ya sita: Jifunze udongo kwa mikono

Ukiniuliza ni ujuzi gani mmoja mhitimu wa kilimo asiweze kusamehewa kwa kutokuwa nao, nitajibu kwamba ni kuchukua sampuli ya udongo kwa usahihi. Maabara nzuri haiwezi kusahihisha sampuli mbaya, na ushauri wa mbolea utakaotoka hapo utakuwa wa uongo wenye namba nzuri.

Kwanza ligawe shamba kwa sehemu zinazofanana: mteremko tofauti, rangi tofauti ya udongo au historia tofauti ya mazao ni sehemu tofauti, na kila moja hupata sampuli yake. Ndani ya sehemu moja tembea kwa njia ya kupindapinda na chukua udongo mahali 15 hadi 20, ukikwepa vichuguu, kingo za shamba, chini ya miti, njia za mifugo na mahali palipowahi kuwa zizi, kwa kuwa zizi la zamani linaweza kuufanya udongo wote uonekane tajiri. Ondoa majani makavu juu, chimba hadi sentimita 20 na chukua kipande cha unene ule ule kuanzia juu hadi chini. Changanya vyote katika ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki haifai, kwani itaingiza zinki katika vipimo.

Mwaga mchanganyiko juu ya turubai safi, usawazishe, ugawe sehemu nne, tupa mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, na rudia hadi ubaki na takribani nusu kilo. Kausha kivulini, kamwe si juani wala karibu na moto. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino husambaa ukilowana: jina la kijiji, tarehe, kina, zao lililopita, na kama samadi au mbolea iliwekwa msimu uliotangulia.

Wakati huo huo jifunze kuutambua udongo kwa kiganja. Lowesha kidogo, finyanga, kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukivunjika papo hapo ni kichanga. Ukitoa utepe mrefu unaong'aa ni mfinyanzi, kama ule mweusi wa mbugani unaopasuka nyufa kiangazi na kunasa magari masika. Katika aina zote mbili swali la mtu wa Dodoma ni lile lile: maji yataingiaje, na yatakaa muda gani? Hapo ndipo utakapoelewa sababu ya matuta fungamano, ambayo mifereji yake huzibwa kila baada ya hatua chache ili maji yasitiririke, na sababu ya vishimo vya Chololo, vilivyopewa jina la kijiji kilicho karibu na jiji la Dodoma, ambamo mbegu hupandwa ndani ya shimo dogo lenye samadi ili matone yote ya jirani yakutane hapo.

Hatua ya saba: Mafunzo kwa vitendo kijijini

Nilipokwenda kijijini kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, nilimwuliza mzee mmoja anavuna tani ngapi kwa hektari. Alinitazama, kisha akamwambia mkewe aniletee kiti. Nilikaa nusu saa nikielezwa habari za ukoo kabla sijaelewa kwamba nilikuwa nimeuliza vibaya kwa vipimo na kwa adabu.

Tuanze na adabu. Katika vijiji vya Wagogo, neno "Mbukwenyi" likitangulia, na ukasubiri kuitikiwa, mazungumzo huchukua njia nyingine kabisa. Jitambulishe kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji kabla ya kuingia shamba la mtu, hata kama una barua ya chuo. Mwite mzee "mzee" au "babu", na mwenye nyumba "mama", na usikatae uji au maji unayopewa isipokuwa kwa sababu ya kiafya unayoweza kuieleza kwa upole. Usimwulize mfugaji ana ng'ombe wangapi, kwa kuwa huko ni sawa na kumwuliza mtu mbele za watu ana fedha kiasi gani benki. Uliza ndama wangapi wamezaliwa mwaka huu, wanakunywa maji wapi kiangazi, nani anachunga watoto wakiwa shuleni, na idadi utaikisia mwenyewe ukiwaona wakirudi jioni.

Halafu vipimo. Mkulima hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70, mavuno kwa debe na gunia, na muda kwa matukio. Hektari moja ni ekari 2.47. Zitembee hatua zake pamoja naye, kisha upime urefu wa hatua moja kwa futi kamba, maana hatua za mzee mrefu na za mama mfupi hazitoi ekari moja. Debe na gunia navyo vipime kwa mizani walau mara moja katika kila kijiji, kwa kuwa gunia lililojazwa hadi kufanya lumbesa lina uzito wake wa pekee.

Zungumza na wanawake peke yao, kwa ruhusa na mahali pa wazi. Katika kaya nyingi mama ndiye anayejua mbegu ya uwele ilihifadhiwa kwa majivu au kwa moshi, chakula kilikwisha mwezi gani, na kuku wangapi walikufa kwa mdondo. Kuhusu mdondo, ujifunze kuchanja kwa tone la jicho, kwani chanjo hiyo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na mwanafunzi anayeweza kuwachanja kuku wa kijiji kizima alfajiri kabla hawajafunguliwa atakumbukwa kuliko ripoti yake.

Hatua ya nane: Utafiti wa mwaka wa mwisho

Kikwazo kikubwa hapa ni kalenda. Msimu wa mvua huanza Desemba, wakati mihula ya chuo inaendelea, na mavuno huja kuanzia Aprili na Mei mtihani ukikaribia. Mwanafunzi wa kanda ya kati anayetaka kujaribu mtama kwa mvua lazima awe na pendekezo lililopitishwa, shamba lililopatikana na mbegu mkononi kabla ya mwisho wa Novemba, na awe na mtu anayeaminika wa kusoma kipimamvua na kufukuza kweleakwelea asipokuwepo. Wengi hushindwa hilo, na wanafanya vyema kuchagua mada isiyotegemea mvua.

Mada hizo zipo nyingi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, takribani Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, kwa hiyo zinaruhusu utafiti likizoni. Hifadhi ya nafaka ni mada nyingine, tena nzito: mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, katika mahindi iliua watu katika Dodoma na Manyara, na maswali ya namna ya kukausha na kutunza bado ni ya kila kaya. Jaribio dogo linaanza hata kwa chupa kavu na chumvi kavu: weka nafaka na chumvi, tikisa kwa dakika chache, na chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa nafaka bado ina unyevu zaidi ya asilimia 15, haifai kuhifadhiwa.

Anayejaribu shambani asipande njia moja upande mmoja wa shamba na nyingine upande wa pili, kisha akatangaza mshindi. Gawa shamba katika vitalu vinavyokata mteremko, na ndani ya kila kitalu panga njia zote kwa kura. Ukilinganisha njia nne, yaani kulima bapa, matuta ya kawaida, matuta fungamano na vishimo vya Chololo, katika vitalu vitatu, utapata vipande 12, na tofauti ya rutuba kati ya juu na chini ya mteremko haitakudanganya. Vipande 12 vinavyopaliliwa kwa wakati ni bora kuliko 40 vilivyozidiwa na magugu, jambo ambalo msimamizi wako atakueleza na wewe hutamsikia hadi Januari.

Hatua ya tisa: Kutoka chuoni

Nafasi za serikali, zikiwemo za maafisa ugani na maafisa mifugo, hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira na huombwa kwenye mfumo wake. Fungua akaunti huko mara tu upatapo matokeo. Wanaotaka kujiajiri kwa duka la pembejeo wajue kwamba leseni ya biashara pekee haitoshi: viuatilifu vina mamlaka yake, TPHPA, mbolea iko chini ya TFRA, na mbegu chini ya TOSCI, na kila moja ina kibali chake na ukaguzi wake.

Deni la mkopo nalo huanza kudaiwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo mwenye mshahara wa shilingi 800,000 atakatwa 120,000 kila mwezi, na aliyejiajiri anatakiwa kujipeleka mwenyewe HESLB na kulipa kwa kumbukumbu namba anayopewa. Mwenye shamba la zabibu, ambaye fedha yake huja mara mbili kwa mwaka, atafanya vyema kulipa mafungu makubwa mwezi ule ule wa mavuno, kabla fedha haijawa bati na mbuzi wa sherehe.